Taa ya Nne

Daktari Tusekile Mwaisumo alikanyaga pedali, lakini mtambo haukuitika.

Akakanyaga tena. Mkono wa mashine ya eksirei ulibaki umeinama juu ya mgonjwa bila kuunguruma, na skrini iliyopaswa kumwonyesha mishipa ya ini ikabaki nyeusi.

“Taa zimewaka tatu tu, daktari,” alisema Haule, fundi wa mionzi, kutoka nyuma ya ukuta wa kioo. “Ya nne bado.”

Mgonjwa aliyelala mezani alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka hamsini na ushei, mwenye ngozi iliyoungua kwa kukaa juani. Jina lake Atuganile Mwasyoge. Tukuyu nzima ilimfahamu, kwa kuwa ndiye aliyechezesha mechi za ligi ya wanawake ya nyanda za juu tangu ligi ilipoanzishwa, na hakuna kocha aliyewahi kumtisha akabadilisha uamuzi. Sasa tumbo lake lilikuwa limejaa damu iliyovuja kwenye ini. Damu ya kumwongezea ilikuwa imeletwa na droni kutoka Mbeya, na ilikuwa ikidondoka mkononi mwake polepole kuliko ile iliyokuwa ikipotea.

Kichwani alivishwa kilemba. Hilo ni jina la wauguzi. Sheria ilikiita kipima-uelewa. Kilikuwa kitambaa cha kijivu kilichofumwa kwa nyuzi zinazonasa mwenendo wa ubongo, na pembeni kilikuwa na taa nne ndogo. Ya kwanza iliwaka mgonjwa alipoelewa atakachofanyiwa. Ya pili ni hatari zake. Ya tatu ni njia nyingine zilizopo. Ya nne ni hali yake itakavyokuwa baadaye. Kabla ya zama za kilemba watu walikuwa wakiweka dole gumba kwenye karatasi wasizozielewa. Wengine waliingia chumba kama hiki wakidhani wanapigwa picha tu, wakatoka wamezibwa mishipa ya kizazi. Nchi ilipiga kelele, Bunge likatunga sheria, na tangu hapo mtambo wowote wa kutibu kwa kupitia mishipa ulifungwa kwa kufuli ya kilemba. Mpaka taa zote nne ziwake, pedali ilikuwa chuma kitupu.

Tusekile aliipenda sheria ile. Alikuwa ameona wagonjwa wengi wakitikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa neno.

“Mama, samahani, tunarudia kidogo,” alisema, akiinama karibu na sikio la mgonjwa. “Hebu niambie kwa maneno yako nitakachokufanyia.”

“Utanichoma ganzi hapa kinenani,” Atuganile alisema. Sauti ilikuwa imepungua nguvu, lakini bado ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika uwanja mzima. “Utapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa. Utaufuata kwa picha mpaka kwenye ini, uone panapovuja, upazibe. Ukimaliza mrija unatoka, haubaki ndani. Nimekosea?”

“Hujakosea.”

“Asubuhi niliwagombeza wale mabinti zako wauguzi. Nikawaambia, nimepigwa picha mpaka nimechakaa, picha gani hiyo inayotibu? Sasa nimekuelewa. Picha ni macho yako tu. Kazi inafanywa na mrija.”

“Ndivyo hasa. Na hatari?”

“Naweza kuvuja hapo mnapotoboa. Ini linaweza kuchoka. Naweza kufia mezani.” Aliyataja kama anavyowasomea wachezaji masharti kabla ya mechi. “Na nikikataa huu mrija nipasuliwe, na mpasuaji kasema nikilala sitaamka.”

“Na baadaye? Nikishaziba?”

“Baadaye napona. Uvimbe umekatiwa chakula, unasinyaa, na mvua zikikatika narudi uwanjani.”

Taa ya nne haikuwaka, hata kwa kupepesa.

Tusekile alitazama kompyuta iliyokuwa na maelezo ya mgonjwa. Kansa ya ini, ilisema, imesambaa pande zote mbili, imepasuka. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita tangu hospitali ya wilaya igundue. Akamtazama tena mwanamke aliyelala mezani akingoja kupona, na akaelewa kwa nini mtambo hauwaki.

Hakuna mtu aliyemwambia.

*

Binti yake wa pekee, Ikupa, alikuwa amesimama nje ya mlango pamoja na mjomba wake, Ambakisye. Ikupa alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, mwenye uso wa mama yake. Alipoona sura ya daktari alirudi nyuma hatua moja.

“Mama yako anajua anaumwa nini?” Tusekile aliuliza.

Mjomba ndiye aliyejibu: “Tulimwambia ni jipu la ini.”

“Nani aliamua?”

“Ukoo. Tulikaa tukakubaliana.” Ambakisye alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili. “Daktari, usituone watu wabaya. Mama yetu sisi, mimi na Atuganile, aliambiwa na daktari waziwazi kwamba ana kansa. Siku ile ile aliacha kula. Hakulia, hakusali, hakutaka kumwona mtu. Aligeukia ukuta. Hakuuawa na ugonjwa ule, aliuawa na neno. Mimi nilikuwepo. Dada yangu alikuwa masomoni, hakuyaona.”

“Mrija utamsaidia?” Ikupa aliuliza haraka. “Utazuia damu?”

“Utazuia damu. Kansa hautaiondoa. Nikifanikiwa atapata miezi, na wakati mwingine miezi hiyo inakuwa mizuri. Bila mrija hatafika jioni.”

“Basi fanya.”

“Siwezi. Mtambo umefungwa. Kilemba kinasoma kwamba hajui kitakachokuja. Hajui kwa sababu mmemficha.”

Ikupa aliweka kiganja mdomoni. Mjomba aliinamisha kichwa.

Hapo Haule alitoka, akaufunga mlango nyuma yake. Alikuwa mtu mpole wa Songea, aliyefanya kazi na Tusekile tangu chumba kile kifunguliwe. “Presha inashuka,” alisema. Kisha, bila kumtazama mtu usoni: “Kilemba hakijui kiko kichwani mwa nani, daktari. Binti anayajua yote manne.”

Walimwelewa wote. Kilemba kingevuliwa kichwani mwa mama, kivalishwe binti hapo hapo koridoni, taa nne ziwake, mtambo ufunguke. Mama angezibwa mshipa, angerudi nyumbani, angeishi miezi yake akingoja kurudi uwanjani.

“Nivalishe,” Ikupa alisema. “Nakuomba. Nivalishe mimi.”

Tusekile alirudi ndani. Alipofika mezani alikuwa ameshaamua kukifungua. Alijua hivyo baadaye, kila alipojiuliza. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kifungo cha kilemba, chini ya kidevu cha mgonjwa.

Atuganile alimshika kifundo cha mkono.

“Mnanong’ona nini huko nje?”

“Tunashauriana, mama.”

“Nimesimama katikati ya wachezaji ishirini na wawili maisha yangu yote. Wakianza kunong’ona najua kuna kitu nimefichwa.” Alivuta pumzi fupi. “Hiyo taa inayogoma, inauliza nini?”

Swali lilikuwa la wazi, na aliyeuliza alikuwa anamwangalia machoni. Tusekile angeweza kusema mashine imeharibika. Sentensi ile ilimjia nzima nzima, ikakaa ulimini. Akashindwa kuisema.

“Inauliza kama unajua unaumwa nini.”

“Nina jipu.”

“Huna jipu, mama.”

Mkono uliomshika haukulegea. “Sema.”

“Ni kansa. Imeanzia kwenye ini na imelienea. Leo imepasua mshipa, ndiyo hii damu. Naweza kuuziba mshipa. Kansa itabaki.”

“Na uwanjani?”

“Hutarudi.”

“Muda gani?”

“Miezi. Labda mpaka mvua kubwa zijazo. Sitakuahidi.”

Atuganile alitazama dari. Mashine ya mapigo ya moyo ilipiga kasi, kisha ikatulia. Taa ya nne iliwaka kijani, kimya, bila ubishi wowote.

“Imefunguka,” Haule alisema kwa sauti ndogo.

“Unakubali niendelee?” Tusekile aliuliza.

“Fanya kazi yako,” alisema Atuganile.

Akafanya. Alitoboa mshipa wa kinena, akaingiza waya laini, na juu ya waya akatelezesha mrija. Akapiga dawa ya rangi, na kwenye skrini ini likachanua kama mti usio na majani. Ini hulishwa na njia mbili, mshipa mkubwa utokao tumboni na mshipa mdogo wa ateri. Kansa hunywa karibu yote kwenye ateri. Kwa hiyo ukiiziba ateri, kansa hulala njaa na ini huendelea kula. Aliliona tawi linalovuja: doa jeusi lililokuwa likitanuka kama wino kwenye karatasi ya choo. Akafika, akamimina chembe laini kuliko mchanga, akangoja, akapiga rangi tena. Doa halikutokea.

Ilikuwa kazi safi, pengine safi kuliko zote alizowahi kufanya. Muda wote huo mgonjwa alikuwa macho, maana kazi hii hufanywa kwa ganzi tu, na hakusema neno hata moja.

*

Kesho yake Atuganile alikuwa amekaa kitandani wodini, mgongo umeegemea mito miwili. Rangi ilikuwa imemrudia midomoni. Ikupa aliingia na chupa ya uji, akaona nuru machoni mwa mama yake, akacheka kwa furaha kabla hajajizuia.

“Weka hapo,” mama alisema. “Ulijua lini?”

Tusekile alikuwa anakagua kidonda cha kinena. Alitaka kutoka, lakini Atuganile alimwambia abaki.

“Mama, kula kwanza.”

“Ulijua lini?”

“Wilayani,” Ikupa alisema. “Siku ile ya kipimo kikubwa.”

“Siku ile tulipotoka pale tulipita sokoni. Ulininunulia viatu vya mazoezi. Vipya.” Atuganile alisema kwa utulivu uliotisha kuliko kelele. “Nikakuuliza vya nini, ukasema vya msimu ujao.”

“Nilitaka ufurahi.”

“Nilifurahi. Niliwaambia wenzangu wote nitarudi. Nilimpigia Katibu wa ligi nikamwambia asinitoe kwenye ratiba. Kumbe naye alijua?”

Ikupa alikazia macho chupa ya uji.

“Alijua.”

“Mjomba alimwambia. Ili asikukatalie.”

“Kwaya?”

“Wachache.”

“Majirani?”

“Mama...”

“Kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unajua matokeo,” Atuganile alisema, “isipokuwa mimi niliyekuwa napuliza filimbi. Mlikuwa mnaniangalia. Nikicheka mnaniangalia. Nikipanga mnaniangalia. Nikilala mlikuwa mnakaa sebuleni mnanililia, ee? Nilisikia siku moja, nikakuuliza, ukaniambia ni tamthilia kwenye televisheni.”

Ikupa alipiga magoti pembeni ya kitanda. Alishika shuka kwa sababu mkono wa mama ulikuwa umeondolewa. “Bibi aliacha kula, mama. Tuliogopa.”

“Mimi si bibi yako. Mlinizika kabla ya kuniuliza.” Akageuka kwa daktari. “Huyu asiingie tena.”

“Mama Atuganile, ni mtoto wako,” Tusekile alisema.

“Nimesema asiingie. Hiyo nayo lazima iwake taa?”

*

Mrija ulifanya kilichotarajiwa. Damu haikurudi, tumbo lilipungua, hamu ya kula ikaja kidogo. Atuganile aliruhusiwa kurudi nyumbani kwake juu ya Tukuyu, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba na maparachichi, na Tusekile alizoea kumfuata huko kwa ukaguzi, kwa kuwa mgonjwa alikataa kurudi kliniki. Alikataa pia kumwona kaka yake. Kwaya ilipokuja kumwombea aliwaacha waimbe uani mvuani, mlango umefungwa, mpaka wakaondoka wenyewe.

Aliyemhudumia alikuwa mwanamke wa kutoka Kyela aliyepatikana kupitia kanisa jingine, mtu asiyemjua yeyote kati yao. Ikupa alikuja kila jioni baada ya vipindi. Aliacha chakula barazani, akakaa kwenye ngazi, akaondoka giza lilipoanza kuingia. Mama yake alimsikia. Chakula alikila, lakini hakumfungulia.

“Anakaa pale kwa baridi,” Tusekile alimwambia siku moja, akimpima presha. “Amekonda.”

“Mimi pia nimekonda.”

“Walikosea. Walikosea kwa mapenzi.”

Atuganile alikuwa ameketi karibu na dirisha, miguu imefunikwa blanketi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua na mlima Rungwe haukuonekana kabisa. “Unajua kinachoniumiza, daktari? Siyo kufa. Kila mtu niliyemjua alibadilika mara moja, siku ile uliponiambia. Wewe ulisema neno moja, na nyuma yake nyuso zote zikawa za uongo. Nikikumbuka Krismasi iliyopita, siwezi kuifurahia. Nakaa nakagua. Huyu alipocheka alikuwa anajua? Huyu aliponikumbatia? Ulinipa miezi, nakushukuru, ndaga. Lakini ile iliyokuwa nyuma yangu uliichukua.”

Tusekile alikunja kifaa cha presha taratibu kuliko ilivyohitajika.

“Ningekudanganya ungenilaumu,” alisema mwishowe.

“Ningekulaumu nikijua. Nisingejua.” Atuganile alitabasamu kidogo, bila furaha. “Sisemi ulikosea. Mimi ndiye niliyeuliza. Nasema tu ndivyo ilivyo.”

“Mfungulie Ikupa.”

“Nikimwona nitaanza kumuuliza maswali. Na kila atakachojibu sitaamini. Hata akisema ananipenda nitataka avae kile kitambaa chenu kwanza.”

Tusekile alitoka akamkuta Ikupa kwenye ngazi, bakuli la ndizi limefunikwa kwa sahani magotini mwake. Msichana hakuuliza mama anasemaje. Aliuliza kama anasikia maumivu, kama analala. Kisha akasema, akitazama bakuli: “Ungenivalisha mimi.”

“Ikupa.”

“Ilikuwa dakika moja tu. Angekuwa ndani sasa hivi ananifokea kwa sababu ya chumvi.”

Mara nyingine Tusekile, akiwa peke yake kwenye gari linalojiendesha kushuka kilima, aliona hivyo hivyo. Aliona vidole vyake kwenye kifungo. Alijaribu kupanga hoja kama alivyozipanga zamani alipokuwa akiitetea sheria mbele ya wenzake: mtu ana haki ya kujua mwili wake, tiba bila kuelewa ni wizi, uongo haujengi. Hoja zote zilisimama. Hazikumsaidia.

*

Mvua kubwa zilipokaribia, damu ilirudi.

Walimleta saa za asubuhi, amejikunja, uso umekuwa wa majivu. Kansa ilikuwa imejitafutia mishipa mingine, kama ifanyavyo ikizibwa mmoja. Tusekile aliwaza haraka: tawi jipya, huenda kutoka kwenye kiwambo cha kifua, ni gumu kufika lakini linafikika. Ini lilikuwa limechoka. Angeweza kumpa wiki. Pengine wiki chache nzuri.

Haule alimvika kilemba. Taa zote nne ziliwaka kabla daktari hajafungua kinywa.

“Unajua kilichopo,” Tusekile alisema.

“Najua.”

“Naweza kujaribu tena. Si kama mara ya kwanza. Nikifanikiwa ni wiki tu.”

“Hapana,” Atuganile alisema.

“Fikiri kidogo.”

“Nimefikiri miezi yote. Sitaki dakika za nyongeza. Nipe dawa ya maumivu, unishike mkono, basi.” Alifumba macho, akayafumbua. “Na usiniulize tena. Ukiniuliza nitaogopa, na nikiogopa nitakubali.”

Tusekile alimpa dawa ya maumivu. Alivuta kigoda akaketi, akamshika mkono. Mtambo ulikuwa umefunguka; mkono wa eksirei uliunguruma juu yao, skrini ilikuwa nyeupe, pedali ilikuwa tayari. Kilemba hakikupima jibu. Kilipima uelewa tu, na uelewa ulikuwepo.

“Ikupa yuko nje,” alijaribu kusema.

“Najua. Huwa yuko nje.” Baada ya muda aliongeza, kwa sauti iliyokuwa inafifia, “Mwambie...” Lakini alichotaka aambiwe hakikufika midomoni. Mkono ulilegea. Kichwa kiliegemea upande.

Taa nne zilizimika. Mahali pake ikatokea moja nyeupe, na sauti ya mashine ikatamka kwa Kiswahili sanifu kisicho na mwenyewe: mgonjwa hajitambui, daktari anaruhusiwa kuendelea kwa busara yake. Walioandika sheria walikuwa wamemfikiria mtu aliyeokotwa barabarani, asiye na wa kumsemea.

Mlango ulisukumwa. Ikupa alikuwa amesikia ile sauti.

“Umeruhusiwa,” alisema. “Nimesikia. Umeruhusiwa, fanya.”

“Amekataa, Ikupa. Alikuwa na akili zake zote.”

“Lini? Nani amesikia? Mashine inasema hajitambui!”

“Nimesikia mimi. Haule amesikia.”

“Alikataa kwa hasira! Alinikasirikia mimi, siyo uhai wake!” Alimshika daktari joho kwa mikono miwili. “Wiki moja, daktari. Nipe wiki moja akiwa amelala hivi hivi, nitakaa pembeni yake, labda ataamka asubuhi moja amesahau. Labda atanifungulia. Wewe ndiye uliyemwambia! Siku ile hukunisikiliza kwa ajili yake. Leo nisikilize mimi.”

Tusekile aliutazama mtambo. Kazi ile ilikuwa mikononi mwake yote: ganzi, sindano, waya, mrija. Hakuna ambaye angemuuliza. Sheria ilikuwa upande wa Ikupa. Na hakuwa na hakika, hata chembe, kwamba msichana huyu alikuwa amekosea. Mtu hukataa kwa sababu nyingi, na kilemba hakikuwa na taa ya kutofautisha hasira na uamuzi.

Lakini alikuwa ameambiwa hapana na mtu aliyemwomba asimuulize tena.

“Siwezi,” alisema. “Nisamehe.”

Ikupa alimwachia joho. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening’inia, kama mtu aliyeteremshwa kituo asichokijua. Kisha akasogea mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mama yake tangu wodini. Alimvua kilemba, akakiweka chini, akazilaza nywele zilizovurugika kwa kiganja.

“Mama,” alisema. “Ni Ikupa. Nataka nikwambie unaumwa nini.”

Haule alitaka kuzuia. Tusekile alimwashiria aache.

Ikupa aliinama mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwa mama. Akaanza mwanzo kabisa: asubuhi ya kipimo wilayani, daktari kijana aliyemwita pembeni, namna alivyoshika ukuta. Akaitaja kansa kwa jina lake. Akasema nani aliitisha kikao cha ukoo na nani alikaa wapi, nani alipinga kumficha, na kwamba aliyepinga alikuwa yeye mwenyewe, kisha akashindwa, kisha akaogopa. Akaeleza viatu. Akaeleza kwa nini alilia sebuleni na televisheni ilikuwa imezimwa. Alieleza kwa mpangilio, pole pole, kama anavyowafundisha watoto hesabu ngumu, akihakikisha hakuna hatua iliyorukwa.

Tusekile alizima mtambo. Ukimya ulipoingia alisikia pumzi za mgonjwa zimeanza kuachana, kila moja mbali na mwenzake. Akavuta kigoda kingine, akaketi upande wa pili wa meza, vidole kwenye kifundo cha mkono wa Atuganile.

Ikupa alikuwa amefika Krismasi. Alisema wakati ule alipomkumbatia alijua, ndiyo, na kwamba alimkumbatia kwa sababu alijua, na pia kwa sababu ya kumkumbatia tu. Hapo vidole vya Tusekile vilikosa mapigo. Alingoja. Alibadilisha mahali, akabonyeza shingoni. Akamtazama Haule, naye Haule akainamisha uso.

Hakuna aliyemwambia Ikupa anyamaze. Bado alikuwa na siku nyingi za kueleza, na aliendelea kuzieleza moja baada ya nyingine, sikioni mwa mama yake, mpaka akazimaliza.